Mtambo wa upepo kuvumilia hitilafu ya gridi: maana yake

Mvua kubwa ikinyesha Tanga, wakati mwingine taa hufifia, pangaboi likasita, kisha kila kitu kikarudi sawa. Mara nyingi ni shoti kwenye laini nyingine: radi imepiga, au mti umeangukia waya. Vifaa vya ulinzi vikishakata kipande chenye shoti, volti zinapanda tena.

Kwa mtambo wa upepo, mtihani ni hapo. Kuvumilia hitilafu ni kubaki umeungwa na gridi volti zikiwa zimeporomoka, na kuendelea kuzalisha zikirudi. Zamani mitambo ilikuwa michache, hata ikijitoa hakuna aliyejali. Ikishakuwa mingi na ikajitoa kwa pamoja, shoti ndogo inazaa giza la mkoa mzima. Ndiyo maana masharti ya gridi ya Ujerumani ya mwaka 2007 yalidai mtambo uhimili volti kushuka hadi sifuri kwa milisekunde 150.

Kubaki si kazi ndogo. Volti zikianguka, umeme unakosa pa kutokea huku upepo ukiendelea kusukuma mapanga. Nishati hiyo iliyokwama huweza kuunguza vifaa vya elektroniki, kwa hiyo ziada hupelekwa kwenye rezista (kifaa kinachozuia mkondo) ikawa joto, na mapanga hugeuzwa yakamate upepo kidogo. Papo hapo mtambo unatakiwa kuingiza kwenye laini mkondo wa kuinua volti.

Jambo linalosahaulika ni idadi ya mara. Tarehe 28 Septemba 2016, huko South Australia, jimbo la nchi ya Australia, dhoruba iliangusha minara ya umeme na volti zikaporomoka mara kadhaa ndani ya dakika mbili. Mitambo ya upepo ilivumilia vizuri mwanzoni. Lakini programu za mingi ziliwekewa kikomo cha mara za kuvumilia, na waendeshaji wa gridi hawakukijua. Kikomo kilipofikiwa, megawati 456 zilipotea ndani ya sekunde chache. Laini ya kutoka jimbo jirani la Victoria ikaelemewa, ikajikata, na jimbo zima likazimika.

Pwani yetu inahusika moja kwa moja. Chumvi ya bahari huganda kwenye vikombe vya nguzo vinavyotenga waya na nguzo, na ikilowa unyevu shoti huweza kujirudia usiku huohuo. Mitambo ya upepo ikija kusimikwa Tanga, mkataba utaje volti zishuke hadi wapi, kwa muda gani, na mara ngapi mfululizo.