Sheria inakusubiri mpaka uache kazi

Mimi ni wakili, na nikialikwa kuzungumza na wafanyakazi hapa Kigoma, wawe wahudumu wa hoteli, makarani wa bandarini au watu wa mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, swali halibadiliki: bosi akininyanyasa, sheria inasemaje? Jibu langu huwaudhi. Inategemea anakunyanyasa kwa sababu gani.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini, na kinatamka kwamba kumnyanyasa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi. Ila kimeufunga unyanyasaji huo kwenye orodha: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengine machache. Msimamizi anayemwita Muha, mwenyeji wa huku mpakani na Burundi, “Mrundi” kila asubuhi mbele ya wenzake na kumuuliza kibali chake cha kuishi kinaisha lini (hapa kwetu utani huo si mgeni) ameingia moja kwa moja kwenye orodha. Mlalamikaji akionyesha ushahidi wa awali, mzigo wa kuthibitisha unamhamia mwajiri. Sasa msimamizi huyohuyo amgeukie mtu wa kabila lake, dini yake, rika lake na jinsia yake, kwa kuwa tu hampendi, au anahofia atamrithi cheo. Kifungu cha 7 kinanyamaza.

Na hao ndio wengi wanaonijia.

Asiyeyapitia hudhani kunyanyaswa ni kutukanwa. Mara chache. Mteja wangu mmoja alikuwa mtunza stoo (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Alinyang'anywa funguo za stoo bila barua yoyote. Akaondolewa kwenye grupu la WhatsApp la idara, kisha akaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini hakuhudhuria kikao, kikao chenyewe kilitangazwa kwenye grupu hilohilo. Likizo yake ikasogezwa, ikasogezwa tena. Akiingia ofisini na kusalimia, watu wanainamia simu zao. Ukiichukua barua moja ya kujieleza ukaisoma peke yake, huoni kosa: lugha ni ya adabu, tarehe ipo, mhuri upo. Zitandaze zote mezani kwa mfuatano, ndipo utaona kuna mtu anatengeneza faili.

Huyu mtunza stoo aende wapi? Mlango upo, nao uko kifungu cha 36. Ukiacha kazi mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya ajira isivumilike, sheria inakuhesabu kuwa umeachishwa. Kanuni za mwaka 2007, zile za Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja unyanyasaji wa kingono na kutotendewa haki kama sababu, mradi uwe umeshatumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa una sababu ya maana ya kutozitumia. Ukishatoka una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wote tunaiita CMA. Ni kinga ya kweli. Lakini tazama bei yake: kazi itoke mkononi kwanza. Na kama hujatimiza miezi 6 kazini, sehemu hiyo ya sheria haikugusi kabisa.

Aliyeko Dar anaweza kuacha kazi Kariakoo na akabahatisha nyingine Mbagala. Kigoma, waajiri wanaolipa mshahara na kupeleka makato NSSF wanajuana kwa majina, na simu ya bosi wa zamani huwahi kufika kabla ya barua yako ya maombi. Kwenye mashirika mikataba mingi ni mifupi, hivyo asiyekutaka hana haja hata ya kukufukuza. Anasubiri mkataba uishe. Sheria inakuruhusu kulalamika kama ulikuwa na matarajio ya haki kwamba ungeongezewa muda, lakini hapo pia umeshatoka nje ya geti. Walimu na wauguzi wao wana safari yao: Sheria ya Utumishi wa Umma inawataka wamalize kwanza ngazi za ndani ya utumishi. Ngazi ya kwanza mara nyingi ni huyohuyo anayelalamikiwa.

Kwa hiyo ndiyo, sheria mpya ya kumlinda anayenyanyaswa akiwa bado kazini inahitajika. Ninapotofautiana na wenzangu ni sheria ya namna gani.

Wanaharakati wanapenda mfano wa Ufaransa, ambako tangu mwaka 2002 kumnyanyasa mtu kisaikolojia kazini ni jinai. Desemba 2019 waliokuwa vigogo wa kampuni ya simu ya France Télécom walitiwa hatiani kwa kosa hilo. Inasisimua, lakini mimi siitaki hapa. Jinai inadai uthibitisho usioacha shaka, na mambo ya funguo na grupu la WhatsApp hayathibitishiki hivyo. Tena najua litakalofuata: mtu aliyeambiwa alete ripoti Ijumaa atakwenda polisi Jumamosi.

Ninaoupenda ni mfano wa Australia. Tangu Januari 2014 mfanyakazi ambaye bado yuko kazini anaweza kuiomba tume yao ya kazi, Fair Work Commission, itoe amri ya kuukomesha unyanyasaji. Haijali kabila wala dini; inaangalia kama mwenendo huo si wa haki, kama unajirudia, na kama unahatarisha afya na usalama wa mtu. Hatua za kawaida za uongozi zilizochukuliwa kwa njia ya haki hazihesabiwi, kwa hiyo yule wa ripoti ya Ijumaa hana kesi. Na tume hairuhusiwi kuamuru mlalamikaji alipwe fedha. Mawakili wenzangu hucheka hapo: kesi isiyo na fidia nani ataifungua? Ataifungua anayetaka kubaki na kazi yake. Anayewinda malipo hatajisumbua, na foleni itapungua.

Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, nao hauulizi sababu. Unaangalia madhara ya mwili, ya akili, ya kingono na ya kiuchumi. Kwetu ingetosha kuongeza vifungu vichache kwenye sheria ya 2004: CMA ipewe uwezo wa kumsikiliza aliye bado kazini, itoe amri, na atakayelipizwa kisasi kwa kulalamika alindwe.

Haitamfikia kila mtu. Duka la Mwanga, hapa mjini Kigoma, lenye wahudumu wawili, mwenye duka ndiye mnyanyasaji na ndiye mlipaji. Amri ya tume itamkuta palepale kwenye kaunta, na sioni ikimsaidia binti anayelala chumba cha nyuma. Kwake ninachotegemea ni afisa kazi wa mkoa, si kesi.

Kwa walioko kwenye hali hii leo, sheria ikiwa bado ni ile ile: ombeni maagizo kwa maandishi, na bosi akikataa, mwandikieni ninyi kuthibitisha alichosema. Pigeni picha ujumbe kabla hamjaondolewa kwenye grupu. Wasilisheni malalamiko kwa barua na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Na ikifika hapo pa kuacha, msiandike “naacha kwa sababu binafsi”. Wengi huandika hivyo kwa heshima, au kwa kuhofia kunyimwa barua ya utambulisho, nami nikishaiona sentensi hiyo kwenye faili huwa sina la kumwambia msuluhishi. Andikeni sababu yenyewe, kwa tarehe.