Kedleston: kijiji kilihamishwa, kanisa likabaki

Ukifika mashambani Uingereza ukakuta kanisa la kale limebanana na jumba la kifahari, na karibu hakuna hata kibanda cha mwanakijiji, jiulize watu walikwenda wapi.

Kwa Kedleston, huko Derbyshire, jibu linajulikana. Ukoo wa Curzon uko hapo tangu karne ya 12. Sir Nathaniel Curzon aliporithi mali mwaka 1758, hakuchelewa: nyumba ya matofali aliyoikuta aliibomoa, na mwaka 1759 ujenzi wa jumba jipya ukaanza. Wasanifu walipokezana mpaka kazi ikamwangukia Robert Adam, aliyeupa ukumbi mkubwa nguzo 20 za alabasta, aina ya jiwe laini la mapambo. Kijiji kiliharibu mandhari, kwa hiyo kikahamishwa, na barabara nayo ikasogezwa mbali. Wanakijiji walikuwa wapangaji. Ardhi si yao, watasema nini?

Kanisa la Watakatifu Wote halikuguswa. Sidhani ilikuwa ni uchaji peke yake. Humo walilala mababu wa Sir Nathaniel, na ukoo unaojivunia ukale wake hauwezi kuyafukia makaburi yanayouthibitisha. Ndiyo maana leo, nyuma ya jumba la karne ya 18, unaingia kanisani kwa mlango wa kusini wenye upinde wa zama za Wanormani, watawala wa Uingereza wa karne ya 11 na 12.

Ndani, usipite haraka upande wa kaskazini. Lord Curzon, wa ukoo huohuo, aliyetawala India kwa niaba ya Mfalme hadi 1905, alifiwa na mkewe Mary, Mmarekani mzaliwa wa Chicago, mwaka 1906. Akamwagiza msanifu G. F. Bodley amjengee kikanisa cha kumbukumbu. Sanamu mbili za marumaru nyeupe, kazi ya mchongaji Bertram Mackennal, zimelala bega kwa bega juu ya kaburi, na sakafu ni ya mawe ya kijani. Sanamu moja ni ya Mary; ya pili ni ya Curzon mwenyewe, iliyochongwa angali hai; alifariki 1925. Na hata Calcutta, mji mkuu wa India wakati huo, hakuwa ugenini sana: ikulu aliyoishi huko, iliyokamilika 1803, ilijengwa kwa kuiga ramani ya Kedleston.

Jumba liko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, tangu 1987. Kanisa linatunzwa na Churches Conservation Trust, chombo tofauti kabisa, hivyo kabla ya safari angalia saa za kufunguliwa kwa kila kimoja.