Pikipiki Huibwa Ikiwa Imezimwa
Elimu kwa umma kwa wamiliki na madereva wa bodaboda, Tabora

Mtu akinunua pikipiki, jambo la kwanza analomwomba fundi kuhusu wizi ni kuizuia isiwake bila funguo. Fundi anamfungia alamu, anaficha swichi chini ya kiti, na mwenye mali anarudi nyumbani moyo umetulia. Lakini mwizi wa pikipiki iliyopakiwa hana haja ya kuiwasha pale alipoikuta. Boxer au TVS ya kawaida ina kilo 110 hadi 130 hivi. Vijana wawili wanaiinua, watatu wanaipandisha kwenye kirikuu au guta, na mmoja peke yake anaisukuma kama aliyepata pancha, huku anaopishana nao wakimpa pole. Kuwasha ni kazi ya baadaye, ndani ya ua wa mtu, geti limefungwa.

Ndiyo maana tunashauri pesa ya ulinzi itumike kwa mpangilio huu: kwanza pikipiki isiweze kuondoka ilipo, kisha ikiondoka isiwake upesi, na mwisho ikipotea iweze kutambulika. Wengi huanza na la pili, na la kwanza hawafiki kabisa.

Loki ya hendeli inayokuja na pikipiki itumie kila unaposhuka, hata kama unaingia dukani kununua vocha, kwa sababu ni ya bure. Ila usiitegemee. Kipini kinachofunga ni chembamba kama kidole cha mwisho, na hendeli yenyewe ni mtaimbo mrefu: mtu akiivuta kwa nguvu mara moja au mbili, kipini kinakatika. Kuacha gia ndani nako kunazuia pikipiki isibingirike kwenye mteremko tu. Klachi iko mkononi mwa mwizi kama ilivyo mkononi mwako.

Swichi ya funguo ikaguliwe leo. Iweke kwenye ON, kisha jaribu kuchomoa funguo. Ikitoka, vile vibati vya ndani vimelika. Azima pia funguo za pikipiki mbili tatu za aina yako pale kijiweni uone kama zinazunguka. Ikizunguka hata moja, badilisha swichi nzima pamoja na loki yake, maana pikipiki yako kwa sasa ni ya kila mwenye funguo iliyochakaa. Na anayemwachia deiwaka, yaani dereva wa muda, akumbuke kwamba kuchonga funguo ya pili ni kazi ya dakika chache sokoni. Deiwaka mpya kila mwezi, swichi ileile miaka minne: hesabu mwenyewe funguo ziko ngapi mitaani.

Mnyororo na kufuli

Hapa ndipo pesa inapotakiwa kwenda, na hapa ndipo watu wanapotapeliwa zaidi. Mnyororo unaouzwa kwa mita madukani, ule wa kufungia geti au mbwa, ni chuma laini. Mkasi wa kukatia nondo wenye mikono ya karibu mita moja unakata pingili ya milimita 8 kwa mkupuo mmoja. Unene peke yake haukuambii kitu. Nenda dukani na tupa ndogo, kwaruza ukingo wa pingili. Tupa ikiuma na kuacha unga unaong'aa, hicho ni chuma laini. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma kimekomazwa kwa moto. Muuzaji akikukatalia kukwaruza, amekwisha kukujibu.

Kima cha chini tunachoshauri ni pingili ya milimita 12 iliyokomazwa. Ikifika milimita 16, mkasi wa mkono haufanyi kazi, itabidi mwizi aje na grenda, na grenda huamsha mtaa. Tatizo ni uzito: mita moja ya milimita 12 ina kilo 3 hivi, ya milimita 16 inapita kilo 5. Kwa hiyo mnene ubaki nyumbani, wa milimita 12 utembee nao. Usiuzungushe kwenye hendeli wakati unaendesha. Ufunge kwenye keria, ndani ya kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili usichubue rangi.

Kufuli liwe la daraja la mnyororo. Mnyororo wa milimita 12 uliofungwa kwa kufuli la shaba lenye upinde wa milimita 6 ni mnyororo wa milimita 6. Tafuta kufuli ambalo upinde wake umezama kati ya mabega ya kufuli lenyewe, ili mdomo wa mkasi ukose pa kuuma.

Jinsi ya kuupitisha ni muhimu kuliko bei yake. Upite kwenye tairi la nyuma na fremu kwa pamoja, kisha kwenye kitu kisichong'oka. Ukifunga tairi la mbele peke yake, ekseli inalegezwa kwa spana mbili na asubuhi unakuta tairi limekusubiri bila pikipiki. Mnyororo usilale chini. Ukigusa ardhi, mwizi anasimamisha mkono mmoja wa mkasi chini na kuukalia ule mwingine kwa uzito wa mwili mzima, au anauweka juu ya jiwe na kuupiga nyundo. Uvutwe juu, ukaze, kufuli likae usawa wa kiti au fremu, na pasibaki nafasi ya kupenyeza mtaimbo. Tundu la funguo litazame chini ili mvua na vumbi visiingie. Wakati wa kiangazi usimimine oili ndani ya kufuli, kwa sababu oili hushika vumbi na baada ya wiki chache inakuwa tope. Kwangua risasi ya penseli, puliza unga wake ndani, chomeka na kuchomoa funguo mara kadhaa.

Makufuli ya diski yanauzwa sana siku hizi. Kabla hujanunua, tazama gurudumu lako la mbele: pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za ngoma, hazina diski ya kufunga. Mwenye diski anaweza kulitumia kama nyongeza, akiambatanisha kamba yenye rangi kali kutoka kwenye kufuli hadi kwenye hendeli. Anayesahau na kuondoka nalo huangushwa hatua ya kwanza tu, na diski hupinda.

Pete ya ardhini

Kitu kisichong'oka ni kipi? Nondo za dirisha la nyumba ya kupanga mara nyingi ni za milimita 10, tena zimechomekwa kwenye tofali za kuchoma. Nguzo ya mbao ya kibanda ni kuni. Shina la mwembe, na Tabora hatuna upungufu wa miembe, ni bora kuliko vyote hivyo, ilimradi ni shina na si tawi. Nyumbani, jenga pete yako.

Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 50. Chukua nondo ya milimita 16, urefu sentimita 125 hivi, ikunje kama herufi U iliyopinduliwa, na ncha mbili za chini zikunjwe nje kama nanga, sentimita 10 kila upande. Changanya saruji, mchanga na kokoto kwa kipimo cha 1 kwa 2 kwa 4. Shimo hilo linamaliza karibu nusu ya mfuko wa kilo 50. Maji yawe ya kiasi. Zege la majimaji hupasuka, na pete inayocheza ndani ya zege ni sawa na hakuna. Iache itokeze sentimita 5 au 6 tu, mnyororo upite lakini msumeno ukose nafasi. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, na katika siku hizo usiifunge kitu. Nondo si chuma kilichokomazwa, lakini kwa unene huo mkasi wa mkono unapata shida, na msumeno wa chuma unamtaka mtu apige magoti uani kwako kwa dakika nyingi. Kama ua ni wa mchanga, weka bapa la jiwe chini ya stendi. Pikipiki inayolala usiku kwa kuzama huvunja taa na kioo bila mwizi yeyote.

Wanaoingiza pikipiki chumbani au kwenye korido wanafanya vizuri upande wa wizi, lakini wameongeza hatari ya moto. Funga koki ya mafuta, injini ipoe kwanza nje, na jiko la mkaa au mshumaa visiwe chumba kimoja nayo. Kabureta inayovuja hujaza mvuke wa petroli chini sakafuni, palepale godoro lilipo.

Swichi ya siri, koki na jipiesi

Swichi ya siri ina kazi yake ikiunganishwa inavyopaswa. Kosa la kawaida ni fundi kukata waya wa stata: pikipiki haiwaki kwa kitufe, lakini inawaka kwa kiki. Mwambie aikate kwenye mfumo wa moto wa plagi, kwa namna inayolingana na aina ya CDI yako (kile kiboksi kinachoongoza moto wa plagi), kisha ajaribu mbele yako kwa kitufe na kwa kiki. Mahali pake asijue kijiwe kizima. Kufunga koki ya mafuta kunasaidia kidogo: mafuta yaliyobaki kwenye kabureta yanaipeleka pikipiki umbali fulani, kisha inazimika katikati ya barabara, mbali na kwako lakini bado mjini.

Alamu inayolia kila mbuzi akijikuna kwenye tairi hufundisha majirani kutoinuka. Punguza hisia yake hadi ilie kwa kuinuliwa au kusukumwa, si kwa kuguswa.

Kifaa cha jipiesi, kinachokuonyesha kwenye simu pikipiki ilipo, kinafaa, kwa masharti. Laini yake iwe hai na yenye bando, kwa sababu laini iliyokufa haitumi kitu. Usikifiche chini ya kiti wala karibu na betri, ndipo mkono wa mwizi unapoanzia. Kisifunikwe na bati. Nje ya mtandao wa simu, kwa mfano ukielekea mapori ya Sikonge au Kaliua, hutakiona hadi kirudi kwenye mtandao. Halafu kuna betri: kifaa kinachokula miliampia 20 hutumia karibu Ah (ampia-saa) 0.5 kwa siku. Betri ya Ah 5 inaisha kwa siku 10 hivi, na uwezo wa kupiga stata hupotea mapema zaidi. Anayeacha pikipiki na kupanda treni kwenda Kigoma au Mwanza kwa wiki mbili atakuta betri imekufa na kifaa kimenyamaza. Pikipiki hiyo iache nyumbani kwa ndugu, kwenye pete, si kwenye maegesho ya stesheni.

Msibani, harusini, msikitini siku ya Ijumaa na kwenye minada, pikipiki hamsini zimesimama pamoja na hakuna anayejua ipi ni ya nani. Mtu anayeondoka na mojawapo haulizwi. Hapo mnyororo mmoja unaweza kupita kwenye pikipiki tatu za watu wanaofahamiana, na mmoja akabaki na funguo. Kijiwe chenye daftari la namba na majina ya madereva kina faida hiyo hiyo: mgeni akishika hendeli isiyo yake, kuna wa kumuuliza.

Karatasi na namba

Kadi ya pikipiki haikai chini ya kiti. Mwizi akiikuta amepata mali na hati yake, na mnunuzi hatashtuka. Tembea na nakala. Namba ya chasisi hugongwa kwenye shingo ya fremu karibu na hendeli, ya injini kwenye kasha la injini. Zipige picha ukiwa na tochi, kisha uzinakili kwa mkono. Namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 haitumii herufi I, O wala Q, hivyo duara unaloliona ni sifuri. Kibao cha namba za usajili, kile cha MC, ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa, kwa hiyo piga picha pia alama ambazo mwizi hazijui: mshono wa kiti, mchubuko wa tenki, uchomeleaji wa keria. Chora namba ya usajili kwa ncha ya msumari ndani ya plastiki za pembeni.

Bima ndogo hailipi wizi wa pikipiki yako. Inahusu madhara unayomsababishia mtu mwingine. Wizi unaingia kwenye bima kubwa, na hata humo soma masharti kuhusu funguo iliyoachwa kwenye swichi. Wanaoendesha kwa mkataba na kupeleka hesabu kwa bosi waandike wazi, kabla ya siku ya kwanza: ikiibwa ikiwa imefungwa, nani anabeba hasara? Ikiibwa ikiwa na deiwaka je? Mikataba mingi imekaa kimya hapo, na ugomvi huanzia kwenye ukimya huo.

Ukikuta haipo, piga 112 au nenda kituo cha polisi kilicho karibu mara moja, ukiwa na namba za chasisi na injini, na usiondoke bila RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi. Bila hiyo, kampuni ya bima haitakusikiliza. Wape taarifa madereva wa vijiwe vya njia za kutokea mjini, za Nzega, Urambo na Sikonge, pamoja na sungusungu wa kijiji chako. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na habari kati ya kijiji na kijiji bado zinawafikia upesi. Mtuhumiwa akishikwa akabidhiwe polisi akiwa mzima. Anayempiga anageuka mshtakiwa, na pikipiki iliyofichwa mahali anapopajua yeye tu inapotea na siri yake.

Ikipatikana, linganisha namba za chasisi na kadi kabla hujasaini kuipokea. Kisha badilisha swichi na loki siku hiyohiyo, kabla haijalala nje usiku mmoja. Aliyekaa nayo siku tatu alikuwa na muda wa kuchonga funguo.