Magharibi ya Marekani haikuwa bastola tupu

Sinema zimetuaminisha kwamba Magharibi ya Marekani ilikuwa nchi ya wachunga ng'ombe waliotwangana risasi barabarani. Masimulizi ya wazee wa huko yanatuonyesha zaidi watu waliochoshwa na kazi.

Chukua Butte, Montana, mji wa shaba. Wachimbaji walishuka ardhini kwa zamu, usiku na mchana, kila mmoja na ndoo yake ya chakula. Mara nyingi humo mlikuwa na andazi nene lililojazwa nyama, viazi na vitunguu, pishi la wahamiaji kutoka Cornwall, Uingereza. Hatari yenyewe ilikuwa mgodini: moto wa Juni 1917 uliua watu 168. Kisha mwaka 1955 likaanza kuchimbwa shimo la Berkeley, ambalo baadaye liliumeza Meaderville, mtaa wa Waitaliano. Leo mtaa huo, na inauma kusema, umebaki kwenye picha na vinywani mwa watu.

Kwenye ranchi nako, baridi kali ya 1886–87 iliangamiza ng'ombe wengi mno. Tangu hapo wafugaji wengi walishinda wakikata nyasi za akiba na kutengeneza nyua za waya, huku wanawake wakipikia vibarua, wakikamua na kutunza hesabu.