Nakala za M1903A4: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mtu akikuletea bunduki ya M1903A4, akaigusa kwa kidole na kusema, "Ona, imeandikwa A4 hapa juu," mrudishie taratibu. Ama ameuziwa mbuzi kwenye gunia, au anataka kukuuzia wewe. Bunduki halisi za aina hiyo, zile walizobeba wadunguaji wa jeshi la nchi kavu la Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hazikuandikwa A4 hata moja. Zote zimeandikwa 03-A3, jina la bunduki ya kawaida ya askari wa miguu ambayo ndiyo iliyozizaa.

Wapenzi wa silaha za kale huko Marekani hutengeneza nakala za bunduki hii kwa wingi. Sababu haifichiki: zilizoundwa kati ya 1943 na 1944 ni takriban 28,000 tu, na zilizobaki huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini kila nakala mpya huja na hadithi zake, na hadithi nyingine zimerudiwa mpaka zikaota mizizi.

"Bunduki ya mdunguaji ilichaguliwa kwa ustadi, kuliko bunduki zote"

Hii ndiyo dhana kubwa, na ndiyo inayoharibu nakala nyingi kuliko zote. Watu hudhani jeshi lilikaa likapima maelfu ya bunduki, likachagua zile zinazopiga pale pale zilipoelekezwa, kisha mafundi mahiri wakazinyoosha moja moja.

Waingereza walifanya karibu na hivyo. Lee-Enfield zao za No. 4 zilizoonekana kiwandani kuwa na shabaha nzuri ziliwekwa kando, nyingi zikapelekwa kwa Holland & Holland, mafundi wa London wa bunduki za matajiri, wakazifunga darubini.

Wamarekani hawakuwa na nafasi hiyo. Mwanzoni mwa 1943 jeshi lao lilikuwa vitani likiwa halina bunduki ya kudungulia iliyo tayari. Bunduki yao mpya, M1 Garand, ilijazwa kwa juu kwa klipu ya risasi nane, kwa hiyo darubini isingeweza kukaa katikati ya mgongo wake. Suluhisho la kuiweka pembeni lilikuja baadaye. Wakaangalia kilichokuwapo. Kampuni ya bunduki ya Remington ilikuwa na mkataba wa kutengeneza M1903A3 kwa jeshi, nayo A3 yenyewe ilikuwa toleo la haraka, lenye vipande vya bati lililokandamizwa kwa mashine pale ambapo zamani palichongwa chuma kizima. Sehemu ya mkataba huo ikageuzwa: zifungwe darubini, ziitwe A4.

Na darubini? Weaver 330, ya El Paso, Texas. Darubini ya mwindaji wa swala, ya kununua dukani. Inakuza mara mbili na nusu hivi, na bomba lake ni jembamba, robo tatu ya inchi. Jeshi likaipa jina lake, M73B1, ikaenda vitani. Ilikuwa na ugonjwa wa kuingiza unyevu, na katika misitu ya Pasifiki huo haukuwa ugonjwa mdogo.

Kwa hiyo fundi anayefunga mtutu mzito wa mashindano, kifyatulio laini kama siagi na darubini ya kukuza mara kumi ametengeneza bunduki nzuri. Nakala hajatengeneza. Kinachowashinda wengi katika kazi hii ni kukubali udhaifu wa ile ya asili: mbao isiyo na nakshi, kioo kidogo kisichovutia, na mtutu ambao wakati mwingine una mifuo miwili tu ndani, ile mistari iliyochongwa ya kuizungusha risasi, badala ya minne. Wapo wanaoikataa mifuo miwili wakidhani ni kasoro ya kiwanda. Ulikuwa uamuzi wa kuharakisha kazi, na jeshi liliikubali mitutu hiyo baada ya kuipima.

"Ni Springfield, basi ilitengenezwa Springfield"

Springfield ni karakana ya serikali ya Marekani, jimboni Massachusetts, ambako M1903 ya kwanza ilizaliwa, na jina likaganda. A4 haikutengenezwa huko hata siku moja. Zote zilitoka kiwanda cha Remington, mji wa Ilion, jimbo la New York.

Hapa pana alama nzuri ya kumtambua mwongo. A3 za kawaida zilikuwa na watengenezaji wawili: Remington na Smith-Corona. Ndiyo, Smith-Corona wale wale wa taipureta. Wakati wa vita kiwanda cha taipureta kilitengeneza bunduki, na kikatengeneza nzuri. Lakini hakikutengeneza A4. Ukiona "A4" yenye jina la Smith-Corona kwenye chuma, hiyo ni nakala, hata kama muuzaji anakuapia kwa jina la babu yake aliyetua Normandy.

Na tukiwa kwenye nasaba, hata Springfield yenyewe haina haki ya kujisifu sana. Mwaka 1898 huko Cuba Wamarekani walionja makali ya bunduki za Wahispania, Mauser za kampuni ya Kijerumani, wakarudi nyumbani wakatengeneza bunduki inayofanana nayo mno. Iliwabidi wamlipe Mauser dola 200,000 kwa hataza zake. Ukoo huo wa Mauser tunaujua huku kwetu: askari wa Wajerumani waliopigana Tanga Novemba 1914 walibeba bunduki za nyumba hiyo hiyo, baadhi yao zile kuukuu za 1871 zilizotoa wingu la moshi kila zilipolia.

"Darubini yoyote ya zamani inatosha"

Haitoshi, na filamu za vita zina sehemu yao ya lawama. Ile darubini ndefu, nyembamba, iliyokaa juu ya mtutu kama filimbi, ni Unertl ya kukuza mara nane. Hiyo ilikuwa ya wanamaji wa Marekani, juu ya bunduki nyingine kabisa, M1903A1. Ilikuwa na tabia ya ajabu: bunduki ikipiga, darubini huteleza mbele kwenye vishikio vyake, na mpigaji huirudisha kwa mkono kabla ya risasi inayofuata. Kuifunga kwenye A4 ni sawa na kumvika polisi wa barabarani kofia ya zimamoto.

Baada ya vita A4 zilipata pia darubini ya M84, kwa hiyo nakala ya miaka ya vita vya Korea inaweza kuwa nayo bila kosa. Anayejenga aamue kwanza ni mwaka gani anaujenga. Kuhusu Weaver za kweli, ni ghali na nyingi zimepofuka kwa ukungu. Zipo zinazotengenezwa leo kwa sura ile ile, na lenzi zake ni safi kuliko za 1943. Mimi naona hilo ni kosa la kusameheka.

"Kazi yenyewe ni matundu mawili matatu tu"

Hapa ndipo watu huumia, na kuumia kwenyewe si kwa pesa peke yake. Sitaeleza namna ya kuifanya kazi hii, kwa sababu si kazi ya mezani nyumbani. Ni ya fundi wa bunduki mwenye leseni na vipimo vyake, naye hukagua chuma kabla ya kugusa kingine chochote. Lakini inafaa kujua kwa nini anakagua.

Kuna bunduki za gwaride. Baada ya vita, M1903 na A3 nyingi zilipewa vijana wa mafunzo, zikazimwa kwa kuchomelewa, mtutu ukashikamana na risiva, yaani kile chuma cha katikati kinachobeba bolti. Leo zinauzwa bei nafuu, na mtu mwenye tamaa huona njia ya mkato: saga weldi, funga mtutu mpya. Tatizo ni kwamba ugumu wa chuma hicho ulipatikana kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea unaweza kuuharibu bila kuacha dalili ya kuonekana kwa jicho. Bunduki inakaa sentimita chache tu kutoka kwenye shavu la mpigaji.

Kisha kuna zile zenye namba za chini. Anayeanza huona M1903 yoyote, hata ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akadhani ndiyo hiyo hiyo. Hapana. Risiva za Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za karakana nyingine ya serikali, Rock Island, chini ya 285,507, zina sifa mbaya ya kupasuka. Chanzo chake ni cha kibinadamu kabisa: wafuaji walikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake kwa macho. Siku ya jua kali, chuma kilichoiva huonekana kana kwamba hakijaiva, nao wakakiongezea moto. Vyuma vingine vikaungua na kuwa dhaifu kama biskuti. Bunduki zilipoanza kupasuka mikononi mwa askari, karakana ikaacha kutegemea macho na kuweka vipimajoto. A3 za miaka ya 1940 hazina ugonjwa huo, ila bei ya chini ya hizo za zamani bado inawavuta wasiojua.

Na hata A3 iliyo nzima, isiyo na doa, si halali ya kutobolewa ovyo. Yenyewe ni kumbukumbu, na kila tundu hupunguza thamani yake moja kwa moja. Watu wenye adabu huanza na ile ambayo imekwisha kuharibiwa zamani, zile zilizokatwa mbao na kutobolewa na wawindaji wa miaka ya 1950, zilipokuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ukiijenga upya, hujaua kitu.

"Nakala na kughushi ni jambo moja"

Tofauti iko kwenye maandishi. Remington walijua kwamba kishikio cha darubini kingefunika mgongo wa risiva, mahali ambapo jina na namba huandikwa. Kwa hiyo kwenye A4 waliyasogeza: jina upande mmoja, namba upande wa pili, vyote visomeke darubini ikiwa imefungwa. Kwenye nakala iliyojengwa juu ya A3, maandishi yamebaki katikati, yamejificha chini ya kishikio. Fundi mwaminifu huyaacha hapo hapo. Yeyote anayejua atainamisha kichwa, achungulie, na ndani ya nusu dakika atajua anatazama nini.

Mghushi ndiye anayeyafuta na kuyapiga upya pembeni. Kwa sheria za Marekani kufuta au kubadili namba ya bunduki ni jinai, haijalishi ulikuwa unataka kumdanganya mtu au kupamba ukuta wako.

"Basi hata sisi tunaweza"

Hapana. Marekani raia anaweza kununua A3 dukani kwa sheria zao. Kwetu Afrika Mashariki kumiliki silaha ni kwa leseni, na kutengeneza au kugeuza silaha bila kibali ni kosa. Tanzania ina sheria yake ya silaha na risasi ya 2015, Kenya ina yake. Mtu akikamatwa na bunduki aliyoiunga nyumbani, polisi hawatauliza kama maandishi yako juu au pembeni. Wataiita gobole, na wataandika gobole.

"Nakala ni ya kuning'iniza ukutani"

Wengi hushangaa wakisikia kuna mashindano yake. Mpango wa zamani wa serikali ya Marekani wa kufundisha raia shabaha, ambao leo unaitwa CMP, huandaa mashindano ya bunduki za wadunguaji wa kale, na nakala zinaruhusiwa. Washindani huja wawili wawili, mmoja anapiga na mwenzake anasoma upepo, kisha wanabadilishana. Umbali ni yadi 300, halafu yadi 600. Shabaha inainuka, inakaa sekunde 20, inashuka. Risasi moja tu kwa kila mwinuko.

Kwenye yadi 600, kwa kioo kinachokuza mara mbili na nusu, ile shabaha ni kidoti. Na A4 haina cha kukimbilia: haikuwekewa kilengeo cha chuma mbele wala nyuma, kwa hiyo darubini ikiingia ukungu, umekwisha. Hata kujaza kwake kuna taabu. A3 ya kawaida hujazwa risasi tano kwa mpigo, kwa klipu unayoisukuma kutoka juu. Kwenye A4 darubini imekaa juu ya mlango huo huo. Klipu haiingii. Askari wa Marekani aliyekuwa vitani Italia 1944 aliingiza risasi moja, akaisukuma kwa kidole gumba, akachukua nyingine. Na mwenye nakala leo, iwe nzuri namna gani, anafanya vile vile.