GPA yako, barua ya mkubwa na PhD ya uchumi Marekani

Kila ikifika Novemba, vijana waliosoma uchumi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huniuliza swali lile lile: "Kaka, kwa GPA hii (wastani wa alama) nitapata PhD Marekani?" Mwaka jana mmoja alinifuata Mwenge, kikokotoo cha simu kikiwa wazi. Alikuwa na 4.2 kati ya 5. Ili aipeleke kwenye kipimo cha Marekani kinachoishia 4, akazidisha kwa nne, akagawa kwa tano, ikaja 3.36, na uso ukamshuka. Alishaambiwa kwamba chini ya 3.5 hawakuangalii.

Kuzidisha na kugawa alipatia, ila jibu lile halina maana aliyoipa. Mlimani A huanzia alama 70. Katika vyuo vingi vya Marekani, 70 ni C. Ukibadilisha kwa kugawa tu, umejishusha mwenyewe. Kama fomu inaruhusu, na nyingi zinaruhusu, andika 4.2 kati ya 5, kisha uskani transkripti pamoja na maelezo ya madaraja, yale ambayo wengi huyaacha nyuma ya karatasi.

Halafu nikamwomba hiyo transkripti. A zilikuwa nyingi kwenye masomo ya maelezo, lakini hesabu aliishia kozi mbili za mwaka wa kwanza. Pengo lake lilikuwa hapo. Wengi wanadhani anayeujua uchumi vizuri ameshaiva kwa PhD ya uchumi, kumbe mwaka wa kwanza kule ni mikro, makro na ekonometria (takwimu za uchumi), zote za kuthibitisha kwa hisabati. Kamati za udahili hutafuta kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mistari, nadharia ya uwezekano, na zaidi ya yote uchambuzi wa namba halisi, somo ambalo mtihani wake haukuulizi jibu ni ngapi, unakuambia uthibitishe. Kama bado uko chuoni, nenda idara ya hisabati ukaombe kuzisoma. Ukipata B+ huko, GPA itashuka kidogo, na mimi bado ningeichagua kuliko A nyingine ya maelezo.

GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na PhD Marekani, nayo imekuzwa mno. Sehemu ya hesabu huishia 170, na waombaji wengi wa vyuo vikubwa wanakaribia hapo. Alama ndogo inaweza kukuangusha, kubwa haikubebi. Baadhi ya vyuo wala haviitaki tena.

Linaloniuma ni la barua za mapendekezo. Kijana anamzunguka mjomba wake wiki tatu ili apate barua ya kigogo wa wizara, yenye nembo na muhuri, halafu ndani imeandikwa kwamba ni mtiifu, mchapakazi na anatoka familia nzuri. Msomaji wa kule hapati cha kushika. Barua tatu zinazohitajika zitoke kwa watu waliokuona ukifanya utafiti. Mhadhiri akiandika kwamba ulisafisha data ya kaya, ukagundua kosa kwenye uzani wa sampuli, na kwamba katika wanafunzi aliowasimamia miaka kumi wewe uko kati ya watatu bora, hiyo inasomwa mara mbili. Ndiyo maana mwaka mmoja au miwili ya usaidizi wa utafiti, mahali kama taasisi ya utafiti ya REPOA au chini ya profesa, naiona ina faida kuliko kuomba haraka.

Shahada ya uzamili si lazima Marekani. Ulaya mara nyingi ni lazima. Ada pia isikutishe: programu nyingi nzuri za Marekani hukulipia ada na kukupa posho kwa miaka mitano hivi, na ada ya maombi yenyewe mara nyingi unaweza kuomba usamehewe. Na njia haiko ng'ambo tu. AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika ulioko Nairobi, ina programu ya pamoja ya PhD, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kimojawapo kinachotoa shahada hiyo.

Wapo pia wanaoamini kwamba kimya cha Machi ni kukataliwa. Vyuo vingi vya Marekani huwapa waliochaguliwa wenye ufadhili hadi Aprili 15 kujibu, na mtu mmoja huweza kushikilia nafasi tatu mpaka siku hiyo. Akiziachia mbili, wa orodha ya kusubiri wanaitwa. Saa sita usiku ya Boston ni saa moja asubuhi ya Dar, kwa hiyo tarehe 16 fungua barua pepe kabla hujapanda daladala.