Mtoto hataki kula: nimlazimishe au nimwache?

Siku za kliniki ya watoto maswali ya akina mama huwa ni haya haya, kadi zikiwa mapajani na foleni ya mizani ikisogea taratibu. Wao huuliza, nami huwajibu hivi.

Mwanangu ana mwaka na miezi minne. Bila kumlazimisha, uji haushuki. Bibi yake anasema nimlaze mapajani nimnyweshe tu.

Usifanye hivyo, mama. Mtoto anayelia huku amebanwa hupaliwa, na uji unaweza kuingia njia ya hewa. Hata asipopaliwa, anajifunza kwamba kikombe kikitokea kuna vita. Baada ya siku chache ataanza kulia akisikia tu mlio wa kijiko. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilifanywa kwa watoto wa shule ya awali, waliokuwa wakihimizwa kila mara wamalize supu. Walikula zaidi pale walipoachwa bila kusukumwa, na wala hawakuisema vibaya supu kama walivyofanya walipohimizwa.

Mtazame. Akikifuata kijiko kwa mdomo wazi, ana njaa. Akigeuza shingo, akisukuma bakuli au akiuhifadhi uji shavuni, ameshiba au amechoka. Ngoja kidogo, mjaribu tena mara moja, kisha ondoa chombo bila kununa. Chakula gani na saa ngapi ni kazi yako. Kiasi gani, mwachie yeye.

Ila hofu ya bibi ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta Tanzania watoto 30 hivi katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tatizo ni kwamba kikombe kizima cha uji mwepesi ni maji zaidi kuliko chakula. Upike mzito, tia karanga zilizosagwa, maziwa au unga wa dagaa, hata vijiko vichache vitamfaa. Halafu jiulize alikula nini kabla. Wengi ninaoambiwa "hawali" wametoka kunywa chupa ya maziwa na kutafuna biskuti nusu saa iliyopita.

Wangu ana miaka minne, ni mnene na watu wanamsifu. Biskuti nazificha juu ya kabati, lakini akizifikia anamaliza pakiti.

Kitu kinachoonekana halafu kinakatazwa ndicho mtoto anachokiwaza mchana kutwa. Ni nafuu kutokinunua kila wiki kuliko kukilinda kama askari. Siku biskuti zikiwepo, mpe mbili pamoja na chai, mezani, mbele ya wote, yaishe.

Kuhusu unene, sifa za majirani si kipimo. Muuguzi atalinganisha uzito na urefu wake. Usimpunguzie chakula kwa kubahatisha, bado anakua. Soda na juisi za pakiti mbadilishie maji, mpakulie kidogo kwenye sahani ndogo, na akitaka aongeze mwenyewe. Ile "maliza sahani, chakula hakitupwi" tumelelewa nayo wengi, lakini inamfundisha mtoto kusikiliza sahani badala ya tumbo lake.

Akimaliza mchicha nampa soda. Kuna ubaya?

Upo. Umeshamwambia mchicha ni adhabu na soda ndiyo tuzo. Uweke mchicha kidogo tu kando ya ugali, nawe ule naye. Watoto wengine hukikubali chakula kipya baada ya kukionja mara nane, kumi, hata kumi na tano. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Wangu bila katuni kwenye simu hali chakula kabisa.

Anakula, ila hajui kama anakula. Hata kushiba hakujui. Anza kwa kuzima simu mlo mmoja kwa siku, wa jioni ukiweza, maana ndipo nyumba nzima ipo.

Lini niwe na wasiwasi kweli?

Mstari wa uzito kwenye kadi ukilala au kushuka, akipaliwa kila anapomeza, au akikataa hata kunyonya na maji, mlete siku hiyo hiyo. Miguu ikivimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, usingoje tarehe ya kliniki.